Sahani ya Muthoni

Fundi Ephantus Ndegwa hahitaji tepu kumpima mtoto. Mzazi akisimama tu mlangoni pa kibanda chetu pale Ngara, mwanawe mkononi, Ephantus huinua macho kutoka kwenye cherehani, akamtazama mtoto mara moja, kisha akaniambia, "Ndunge, andika kifua ishirini na sita, kiuno ishirini na nne, na tuache pindo, huyu anaenda juu." Tepu huitoa baadaye, ili mzazi aridhike. Tumekaa pamoja miaka kumi na mitatu, yeye akishona sare za shule, mimi nikipiga ovaloki, ile mashine ya kushika kingo zisifumuke, na kutoboa matundu ya vifungo, na sijamwona akikosea zaidi ya inchi moja. Ila kwa mtoto mmoja. Huyo alimkosea miaka sita, naye ni mtoto wake mwenyewe.

Mimi sina mume wala mtoto, na nina mdomo. Nalisema hilo mapema ili atakayechukia asiendelee kusoma. Pia mimi ni mpangaji wao kule Uthiru. Ephantus aliachiwa na mamake ploti yenye nyumba ya mawe na vyumba vitano vya kupangisha nyuma, na mimi nakaa cha tatu, mlango wangu ukitazamana na jikoni kwao. Kwa hiyo kazini namwona na nyumbani namwona. Haya ninayosimulia sikuyapata kwa kuambiwa na watu, ingawa yapo ambayo ningefurahi kutoyaona.

Mtoto mwenyewe anaitwa Muthoni. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na hata sisi Wakamba tuna desturi hiyo hiyo, kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa. Jina likishatolewa, mtoto si mtoto tu. Shangazi zake humsalimia kwa heshima ya kuchekesha, wajomba humwamkia, na baba yake humwita Maitu, yaani mama. Ukimwona mwanamume mzima mwenye mvi akimwambia kitoto cha miaka mitatu, "Maitu, naomba unipishe," unacheka, naye mtoto anacheka, na nyumba inachangamka. Ni utani mzuri. Ubaya ni kwamba kwa Ephantus haukuwa utani.

Alinieleza sababu yake mara moja tu, mwezi mmoja wa Machi, wakati ambapo shule zimeshavaa na fundi wa sare hana la kufanya ila kupangusa mashine. Mamake, shosho Muthoni, nyanya ambaye mtoto alipewa jina lake, alikuwa na saratani ya umio. Alilazwa katika hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja, maana haikukosa lolote. Alikuwa afanyiwe upasuaji, na kitandani pake paliwekwa karatasi kwamba asipewe kitu kwa mdomo. Ephantus alifika saa ya kuwaona wagonjwa akiwa na chupa ya uji wa wimbi, kwa mazoea tu, kwa sababu mtu wa kwao haendi hospitali mikono mitupu. Alipofungua mfuniko mama akasikia harufu.

"Nipe kidogo," mama akamwambia.

"Daktari amekataa, Maitu."

Akaomba tena, hata kijiko kimoja, aloweshe ulimi. Ephantus akarudia maneno yale yale. Mara ya tatu mama alimwuliza kama amesahau ni nani aliyemlisha. Basi Ephantus akainuka, akaenda kumwaga uji wote kwenye sinki la choo cha wagonjwa, ili asishawishike. Aliporudi mamake alikuwa amefumba macho na hakumsemesha tena. Kesho yake asubuhi, kabla hajapelekwa kwenye chumba cha upasuaji, alifariki.

"Alienda na njaa," Ephantus aliniambia. "Mimi ndio nilimnyima." Nikamwambia alichofanya ni sawa, kwamba hata mimi ningefanya hivyo, na kwamba kijiko cha uji hakingeizuia saratani. Akaitikia kwa kichwa, namna mtu anavyomwitikia mchuuzi ambaye hatanunua kwake. Nilijua sikuwa nimemfikia.

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya mazishi, Muthoni akazaliwa. Shangazi zake wakamkunjua vidole, wakamtazama paji la uso, wakasema amerudi. Husemwa hivyo kwa kila mtoto, ni maneno ya furaha. Lakini mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka blanketi, na nilimwona Ephantus alivyoshtuka mtoto alipolia kwa njaa mara ya kwanza. Hakutabasamu kama baba. Alikimbia kumtafuta Janice, mke wake, kana kwamba nyumba inaungua.

Ephantus hakuwahi kumlisha mwanawe kwa kiburi, kama wale wanaotaka majirani waone mtoto mnene wajue mambo ni mazuri. Alimlisha kwa hofu. Janice ni mpokezi kwenye jengo moja la ofisi kule Upper Hill na hutoka nyumbani mapema sana, kwa hiyo chai ya asubuhi ilikuwa ya Ephantus: mayai mawili, mkate uliopakwa siagi pande zote, maziwa yenye sukari. Shule ya Muthoni iko karibu na kibanda chetu, kwa hiyo jioni alikuja kwetu kumngoja baba yake afunge kazi, na hapo tena ilikuwa chipsi, au bhajia, au vyote viwili, na soda. Kisha nyumbani chakula cha jioni chenyewe. Mtoto akisema "nataka", mkono wa Ephantus uliondoka kwenye cherehani hata sindano ikiwa katikati ya mshono. Na hata asiposema, Ephantus aliuliza. "Maitu, umeshiba? Umeshiba kweli?" Sijui ni mtoto gani angejibu ndiyo akitazamwa kwa macho yale.

Nisijifanye mtakatifu. Mandazi mangapi nilimpa mimi. Alikuwa mtoto mtulivu, mwenye adabu, anayekunja vipande vya kitambaa bila kuambiwa, nami nilipenda kumwona akitafuna. Watu waliopita walisema, "Huyu analelewa vizuri," na sisi wote tukafurahi pamoja na baba yake.

Alipofika gredi ya tatu ndipo Ephantus alipoanza kudanganya lebo. Ndani ya kola ya kila vazi tunashona kitambaa kidogo chenye namba ya saizi. Gauni la shule la Muthoni lilikuwa thelathini na nne kiunoni, naye akalitia lebo ya ishirini na sita. Nilipomtazama akasema, "Watoto huchunguliana kola, Ndunge. Wasimcheke." Nikakubali. Niliona ni upendo, na kweli ulikuwa upendo. Kila muhula aliongeza kitambaa ubavuni, akabadilisha marinda yasionekane yamepanuka, na lebo ikabaki pale pale. Alikuwa fundi hodari kiasi kwamba hata mke wake, anayemwona mtoto usiku na Jumapili, alikuwa akiangalia vazi badala ya mwili.

Janice aligundua gredi ya sita, mwezi wa pili. Alipita dukani akamnunulia mtoto sweta kwa kufuata lebo. Halikupita hata mabegani. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia sauti yake ikitoka jikoni.

"Ephantus, hii sweta ni twenty-eight. Kwa dress umeandika twenty-six. Mtoto hawezi ingia ndani ya hii hata mkono."

"Hizo za duka ni ndogo."

"Usinibebe ujinga. Wewe ni fundi."

Kisha nikamsikia Janice akisema, kwa sauti ya chini iliyonitisha kuliko kelele, kwamba kila anapojaribu kumpunguzia mtoto chakula, anaambiwa anamtesa mama mkwe. "Mimi nilizaa mtoto," alisema. "Sikuzaa mama yako." Kesho yake kazini Ephantus alishona siku nzima bila kuinua kichwa.

Kulikuwa na dalili, na mimi nilizisoma vibaya. Shingo ya Muthoni ilikuwa nyeusi kwa nyuma, ngozi imekunjamana kama isiyooshwa. Nilimkemea. Nilimwambia msichana mkubwa hatembei na uchafu shingoni, nikampa dodoki na kipande cha sabuni ya kufulia. Alijisugua mpaka akachubuka, na weusi ukabaki. Nikamwambia hajasugua vizuri. Hilo mtu hawezi kulirudisha, na kila nikimwona kwa nyuma nalikumbuka.

Halafu kulikuwa na usingizi. Akitoka shule na kula, alilala juu ya mafungu ya vitambaa pale nyuma ya meza, mchana kweupe, magari yakipiga honi nje. Alikoroma kama mtu mzima. Ghafla koromo lilikatika na pumzi ikasimama. Ephantus aliondoa mguu kwenye kanyagio. Mimi nilizima ovaloki. Hata mteja aliyekuwa akihesabu vifungo alinyamaza bila kujua kwa nini. Tulingoja, sote tukitazama kifua kile, mpaka mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa nguvu, na koromo likaanza upya. Ephantus alirudi kushona. Jambo hili lilitokea kila siku na hakuna aliyelitaja. Siku moja wakati wa ukimya ule nilimsikia akisema polepole, bila kumlenga yeyote, "Niko hapa, Maitu." Sikutaka kujua alikuwa akimjibu Muthoni yupi.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa na kimya chetu. Alipiga simu kwamba Muthoni anakunywa maji chupa nne kabla ya saa nne na kuomba ruhusa ya choo kila somo, na kwamba jana ameanguka kwenye foleni. Janice hakupewa ruhusa kazini, kwa hiyo akaniomba niandamane na Ephantus. "Wewe utaniambia ukweli," alisema. "Yeye ataniletea hadithi." Nikaingia kwa daktari kama shangazi.

Ilikuwa kliniki ya watoto kule Upper Hill. Daktari alikuwa mama wa Kisikh aitwaye Taranjit, miwani kifuani, Kiswahili chake cha Nairobi kabisa. Alipoona jina la shule kwenye sare akacheka kwamba yeye alizaliwa Ngara, na akamsifu Ephantus kwa ushonaji. Kisha akampima Muthoni. Kilo sabini na mbili, miaka kumi na moja. Akamgeuza, akamtazama shingo, akapitisha kidole.

"Hii si uchafu," alisema. "Nani amekuwa akiisugua?"

Niliangalia sakafu. Akatueleza kwamba weusi ule ni alama ambayo mwili hutoa sukari inapoanza kuushinda. Damu iliyopimwa ilithibitisha. Alizungumza bila haraka, akatuambia kuhusu macho, figo, miguu, na kwamba mtoto akipata kisukari cha wazee akiwa mdogo, humla haraka kuliko mzee. Halafu akavaa miwani.

"Baba Muthoni, nani hupakua chakula kwa nyumba?"

"Mamake," Ephantus akajibu.

Muthoni alimtazama baba yake, kisha daktari. "Ni Daddy," alisema.

Daktari Taranjit hakumkaripia. Alichukua karatasi akachora sahani, akaikata nusu kwa mstari. Nusu mboga za majani, robo nyama au maharagwe, robo ugali au wali. Soda ikome leo. Chipsi zikome leo. "Na sahani ni moja. Akiomba ya pili unasema hapana."

"Na akiwa na njaa?"

"Bado ni hapana. Maji na sukuma kidogo, basi."

"Akilia?"

"Atalia. Halafu atanyamaza. Wewe ndio mzazi, si yeye. Hii kazi siwezi kukufanyia."

Ephantus alisimama. Mkono wake ulikuwa ukitafuta kitu mezani, nadhani ulikuwa ukitafuta tepu. "Daktari," alisema, "mimi siwezi kumnyima mama yangu chakula." Akatoka nje akaacha mlango wazi.

Daktari alinitazama mimi. "Huyu baba amekuja na mama yake?" Nikamweleza habari ya jina na ya uji, mtoto akisikia, kwa sababu hapakuwa na namna nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, si kwa ukali, "Huyu ni mtoto ya miaka kumi na moja. Mwambie huyo mzee nimeona mtoto tu."

Nilimkuta Ephantus kwenye dirisha la korido, akitazama mapaa ya hospitali nyingine ng'ambo ya barabara. Uso ulikuwa umemkauka. "Wameniambia tena," alisema. "Maneno ni yale yale, Ndunge. Usimpe." Nikamwambia twende, mtoto ana vidonge vya kuchukuliwa. Sikuwa na subira naye siku hiyo na sijui kama ningepaswa kuwa nayo.

Janice alibandika ile sahani iliyochorwa juu ya friji. Mwezi mzima nyumba ilionekana kunyooka. Ephantus alibeba chakula cha mtoto kwenye kontena, njugu na sukuma na kipande cha kiazi kitamu. Alikubali kila kitu na nikaanza kumheshimu upya. Kisha Jumanne moja niliingiza mkono kwenye gunia la vipande, nikitafuta kitambaa cha kola, nikatoa mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. Bhajia. Chini yake mkate wa nusu, chini yake chupa ya soda. Muthoni alikuwa bado shuleni.

Nilimrushia mfuko juu ya cherehani. "Hii ni ya nani?"

"Ndunge, ongea pole pole."

"Nitaongea nipendavyo. Mama yako alikufa na saratani. Hakufa na njaa. Huyu mtoto akifa, itakuwa ni mkono wako. Na safari hii hautasema ulikuwa unafuata daktari."

Watu wa vibanda vya jirani waligeuka. Ephantus alifuta mafuta kwenye kitambaa cha shule cha watu, taratibu. "Wewe huna mtoto," alisema.

Hilo lilinipata mahali pake. Nilikaa, nikatoboa matundu kumi na mawili ya vifungo, yote yakaenda upande, nikayafumua. Siku nne hatukuzungumza, tukipeana nguo kama watu wanaopeana maiti. Lakini gunia lilibaki safi. Nilikuwa nakagua.

Wiki iliyofuata wakarudi kliniki, safari hii Janice akaenda nao badala yangu. Sukari ilikuwa imepanda. Daktari alisema vidonge havijashindwa, ila hakuna kidonge kinachoshindana na sahani, na kwamba ikifika mwezi ujao ikiwa bado hivi ataanzisha sindano. Alisema mbele ya Muthoni, kwa makusudi. Janice aliniambia kwamba mtoto hakulia. Ephantus ndiye aliyeomba maji ya kunywa.

Jumamosi iliyofuata Janice alienda mkutano wa kina mama kanisani. Mimi nilikuwa nafua uani. Mlango wa jikoni kwao ulikuwa wazi, saa nane mchana, jua la kawaida. Ephantus alikuwa amepika ndengu na wali, na kabichi nyingi. Nilimwona akipakua akitazama ile karatasi ya friji, akagawa kwa kijiko, robo, robo, nusu, kwa uangalifu uleule anaokatia kitambaa cha mteja. Muthoni alikula akamaliza. Kisha akainua sahani.

"Daddy, niongezee."

Mikono yangu ilisimama ndani ya beseni. Ephantus alikuwa ameshika mwiko. "Hapana," alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Kidogo tu."

"Daktari amekataa, Maitu."

Nadhani alijisikia akiyasema maneno yale, kwa sababu aliacha mdomo wazi. Miaka kumi na miwili na zaidi ilipita usoni mwake pale pale. Niliwaza kwamba atapakua. Nilisema moyoni, haya, atampa, na mimi nitanyamaza, kwa sababu huyu mtu ataanguka. Badala yake aliibeba sufuria yote kwa kitambaa, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi ya mlango akiwa ameikumbatia. Ilikuwa bado ya moto.

"Ameniomba mara mbili," aliniambia. "Ndunge, akiniomba ya tatu nitampa. Sitaweza."

Nilitaka kusema jambo la maana. Nilisema, "Utaungua."

Muthoni akaja mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani, pana, lililoshonwa na baba yake. Hakuwa na sahani mkononi. Alimtazama baba yake kwa muda, akatazama sufuria, na nikajua anataka kusema kitu ambacho amekaa nacho. Ephantus hakugeuka. Alikuwa amefumba macho akingoja.

"Daddy," Muthoni alisema, "sina njaa."

"Si umeomba?"

"Nimeomba lakini sina njaa. Huwa sina."

Ephantus akafumbua macho. "Sasa mbona unaomba?"

Mtoto alivuta uzi kwenye pindo la gauni. "Nikiacha chakula kwa sahani unakuwanga kama mtu amefiwa. Unaniuliza kama nimeshiba, nikisema ndiyo, unaniuliza tena. Nikiomba unafurahi." Akaukata ule uzi. "Hata za kwa gunia. Ulikuwa unaniangalia, so nilikuwa namaliza."

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu Grade One. Nilikuwa nataka shosho akuachilie."

Sikuwahi kumwona Ephantus Ndegwa akikosa la kufanya na mikono yake. Muthoni alishuka ngazi moja, akamtoa ile sufuria kifuani, polepole, akitumia kitambaa kilekile asiungue, akairudisha jikoni. Nikamsikia akiweka mfuniko sawasawa na kufungulia maji aoshe sahani yake. Kifuani mwa Ephantus shati lilikuwa limebaki na duara la masizi.

"Kumbe," aliniambia, akitazama uwanja mtupu, "miaka hii yote ni yeye alikuwa ananilea."

Nilikamua shati nililokuwa nimelishika, nikachukua lingine.